Wavu Alioudai Mtani Wetu Mbele ya Jeneza

Nina miaka thelathini na sita, ndugu msomaji, na ukiniuliza kama nina mume sijui nikujibu nini. Yu hai, anakula, anapumua... lakini yuko gerezani, na maneno yaliyompeleka huko yalitoka kinywani mwangu. Leo naishi Dunda, hapa Bagamoyo mjini, kwa mama yangu mdogo. Asubuhi nakaanga vitumbua, jioni nauza mihogo. Mkono wangu wa kushoto haunyooki, na wateja wengine hudhani nilizaliwa hivi. Laiti ningezaliwa hivi!

Sikutaka kuyasema haya. Lakini juzi mteja mmoja alikuwa akijisifu kwamba kijijini kwao wamepata bwawa jipya, na tayari wameshamwaga samaki. Vitumbua viliungulia kikaangoni huku namkodolea macho. Ndipo nikajiambia, Tatu, kunyamaza kwako kutaua watu wengine.

Kijiji chetu kiko ndani huko, ukishaipita Miono. Sisi ni Wakwere, wakulima wa mahindi na ufuta. Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Kiangazi tulifukua mchanga wa mto mkavu, tukachota maji ya matope tukigombania na ng'ombe. Kwa hiyo tulipoambiwa tunajengewa bwawa, wanawake tulicheza ngoma mpaka kanga zikatudondoka.

Likaja katapila, yakaja malori, ikaja mashine yenye gurudumu la chuma lenye meno. Walimwaga udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka, wakaulowesha, wakaushindilia, kisha wakamwaga mwingine. Tuta likapanda mpaka likawa refu kuliko nyumba yoyote kijijini. Pembeni yake wakajenga kwa mawe na saruji mfereji mpana wa kupitishia maji yanayozidi. Wenyewe huuita utoro.

Mume wangu, Pazi, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya bwawa. Kabla mafundi hawajaondoka, injinia wao, dada mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, aliikalisha kamati chini akawafundisha. Jioni ile Pazi alinisimulia yote huku akila, kwa fahari kubwa. Alisema injinia kawaambia hivi: tuta la udongo haliogopi maji yaliyosimama mbele yake, linaogopa maji yanayopita juu yake. Ng'ombe wasilikanyage wakalichimba. Na utoro usizibwe kwa sababu yoyote ile, kwa maana huko ndiko bwawa linakopumulia.

Kumbuka maneno hayo, msomaji. Mume wangu aliyajua. Aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe, kwenye mkeka wangu!

Katika kamati hiyo alikuwemo pia Maganga, Mnyamwezi aliyehamia kwetu kutoka Tabora na mkewe, akalima mpunga bondeni chini ya tuta. Wanyamwezi ni watani wetu watu wa pwani, tangu enzi za mababu zao waliotembea na mizigo kutoka bara mpaka Bagamoyo. Maganga alikuwa mtani kwelikweli. Aliingia jikoni kwangu bila hodi, akafunua sufuria, akauliza hiki ni chakula au nimefulia nguo. Nami nilimjibu kwamba Mnyamwezi akinyimwa ugali hulamba mwiko. Mtani hakasirikiwi. Binti yangu Sauda, aliyekuwa darasa la nne, alimpenda kuliko wajomba zake wa damu.

Mambo yalianza kuharibika pale samaki walipomwagwa bwawani. Perege walizaana hasa. Pazi akaanza kupeleka matenga ya samaki Chalinze, pale malori yanapoegesha, kwa mwanamke mmoja mwenye kibanda cha chakula. Mwanzoni alirudi jioni. Baadaye akawa anarudi kesho yake, ananukia sabuni isiyo ya nyumbani kwangu... Mwanamke mwenzangu, unajua sabuni ya nyumbani kwako inavyonukia, sivyo?

Mvua zilipokuja, maji yakawa yanapita kwenye utoro, na samaki wakateremka nayo. Pazi aliona kila samaki anayeteremka kama tonge linaloporwa kinywani mwa yule mwanamke. Akakata nguzo, akazisimika utoroni, akafunga wavu juu ya wavu kutoka ukingo hadi ukingo. Wavu wenyewe ulikuwa mnene, hata kidole changu hakikupita. Chini yake akapanga viroba vya mchanga ili maji yazidi kujaa. Na unajua watu walisema nini? Walimsifu! Kiangazi kilichopita kilikuwa kimetutesa, na sasa mwenyekiti anatuongezea maji. Nani angelalamika?

Mimi nilimuuliza. Nilimwambia, Baba Sauda, si mwenyewe ulisema utoro hauzibwi? Akanijibu kwa bapa la panga, mgongoni. Aliponiangusha akanikanyaga, akaniuliza tangu lini mwanamke wa jikoni amekuwa injinia. Sauda alikuwa mlangoni akiona yote. Tangu siku hiyo kila nilipolitaja bwawa nilipigwa, kwa hiyo nikajifunza kutolitaja.

Maganga hakujifunza. Kila mkutano alisema. Lakini alisema kwa namna anayosema mtani! Alisema Wakwere tutakufa kwa uroho wa samaki, na yeye ndiye atakayekuja kutuokota tumevimba kama viroba, atuchagulie nani azikwe na nani aliwe na mbwa. Watu walishika mbavu. Hata Pazi alicheka. Kwetu maneno ya mtani yanaingia sikioni kama chumvi kwenye mchuzi, unayafurahia na kuyasahau.

Basi baba mkwe wangu akaugua na kufariki. Siku ya mazishi jeneza lilitolewa nje, limefunikwa shuka, wanaume wamejipanga kulibeba kwenda makaburini. Mara Maganga akaja, akakaa chini kitako mbele ya jeneza. Kwetu si ajabu. Mtani ana haki ya kuzuia maiti mpaka apewe anachodai, na kila msiba mkubwa lazima watani wafanye vituko ili wafiwa wapumue kidogo. Tulishaandaa jogoo wa kumpa.

Pazi akamletea jogoo. Maganga akamsukuma kando.

"Kuku sitaki," alisema. "Nataka wavu."

Uani kote watu walipasuka kicheko. Wanawake waliokuwa wakilia walijifuta machozi wakicheka. Wakamwongezea sahani ya wali. Akasema wali sitaki, nataka wavu, nataka na viroba, na hii maiti haiondoki. Kicheko kikazidi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, aliyekuwa kwenye eda ya siku ile ile, alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mimi nilicheka pia... nilicheka mpaka nilipomwona Maganga usoni. Alikuwa anatokwa na jasho na hacheki.

Pazi akamwinamia, akamwahidi mbele ya wote kwamba wavu atautoa, Mnyamwezi wangu, utauchukua ukavulie vyura wa Tabora. Watu wakapiga makofi. Maganga akainuka, akaliachia jeneza njia. Ahadi anayopewa mtani mbele ya maiti, nani aliwahi kuifuatilia? Wavu ulibaki pale pale.

Masika ikaingia. Mvua haikunyesha, ilimwagwa! Jumamosi moja asubuhi ilikatika kidogo, na Sauda akaomba kwenda bondeni kumsaidia mke wa Maganga kupandikiza mpunga. Nilimruhusu. Mimi nikachukua nguo nikaenda kufua jirani na bwawa.

Nilipofika, nguo zilinidondoka. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukingo wa tuta. Utoroni kulikuwa na ukuta... mabua ya mahindi, matawi, migomba mizima, nyasi, vyote vimenasa kwenye wavu, na maji hayana pa kupita. Upande wa pili wa utoro palikuwa pakavu! Na kule juu mawingu yalikuwa meusi, yanakuja tena.

Pazi alikuwepo, amesimama na mwavuli akiyatazama maji kana kwamba ni ng'ombe wake walionenepa. Nikamwambia Sauda yuko bondeni, kata wavu. Akasema gari la Chalinze linakuja kesho kuchukua samaki, na tuta lile limeshindiliwa na mashine, si kwa visigino vya wanawake. Nikaona namchelewesha mwanangu. Panga lilikuwa limechomekwa ardhini kando yake. Nililichomoa nikakimbilia utoroni.

Nilikata kamba ya kwanza. Nikainua mkono kukata ya pili.

Alinipiga na mpini wa jembe. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu. Panga likaanguka majini. Akanishika nywele akaniburuta juu ya mawe, akanipiga teke la tumbo, la uso, akisema nimerogwa na Mnyamwezi, nimelala naye, ndiyo maana namwimbia wimbo wake. Jino langu lilitoka nikalitema mkononi. Nikiwa pale chini, shavu langu kwenye tope, nililiona tuta kwa ubavu... nikaona kitu kinang'aa juu yake.

Maji yalikuwa yanapita.

Yalianzia pale ng'ombe walipozoea kuvuka, pamechimbika kidogo. Yalikuwa membamba tu, upana wa kanga. Yakateremka upande wa nyuma yakibeba udongo. Yakachimba ngazi. Ngazi ikawa shimo. Shimo likapanda juu likalila tuta kwa vipande, kila kipande kikubwa kuliko lori, na kila kilipoanguka ardhi iliniruka chini ya tumbo. Kisha tuta likafunguka katikati, na bwawa zima likasimama wima likaingia bondeni!

Sina maneno ya kuusimulia mngurumo ule. Leo hii mvua ikipiga bati Sauda hujifungia kabatini.

Niliinuka nikakimbia kwenye ukingo wa bonde, mkono unaning'inia, napiga kelele jina la mwanangu. Maji yalikuwa mekundu, yanaviringisha miti mizima na mizizi yake. Niliona paa la nyumba likipita na mbuzi juu yake. Niliona mtu akipita, uso chini. Niliona miguu ya ng'ombe ikitazama juu. Msomaji, niliomba Mungu anipofushe nisije nikamwona yeye!

Nikamwona. Alikuwa mabegani kwa Maganga. Maganga alikuwa ndani ya maji hadi kidevuni, ameshikilia mti, gogo likampiga ubavuni, akapotea, akaibuka, Sauda bado yuko mabegani amemng'ang'ania masikio. Alijivuta hadi kwenye mteremko, akamtupa mwanangu juu kwangu, nikamdaka kwa mkono mmoja. Aligeuka akarudi majini kumfuata mkewe.

Mkewe hakuonekana siku ile.

Maji yalipopungua watu walikusanyika penye mwinuko karibu na tuta lililobomoka. Walileta maiti zao wakazilaza kwenye kanga. Kulikuwa na kilio ambacho hakina mwanzo wala mwisho. Halafu kikaanza kugeuka, taratibu, kikawa swali. Bwawa lilikuwa la nani? Nani alikuwa analisimamia? Watu walianza kumtazama mume wangu.

Wakati huo huo Maganga akapanda kutoka bondeni, amechanika, anavuja damu, anamwita mkewe. Na Pazi akaona mlango wake wa kutokea.

"Muulizeni huyu Mnyamwezi," alisema, amemnyooshea kidole. "Mbele ya jeneza la baba yangu alizuia maiti, na kwenye mikutano akasema atatuokota tumevimba. Alijuaje?"

Watu wakakumbuka. Maneno yale yale waliyoyachekea, sasa wakayakumbuka yote, neno kwa neno! Alisema tutavimba, na tazama tumevimba. Mtu aliyefiwa ana hasira isiyo na macho. Jiwe la kwanza sikuona lilitoka kwa nani. La pili lilimpiga kinywani, akawa anajaribu kusema na damu inamjaa. Wakamwangusha. Mipini ya majembe, magongo, mateke, hata mwanamke mmoja aliyekuwa amepakata maiti ya mwanawe aliiweka chini akaenda kumpiga ndala usoni. Hawa walikuwa majirani zake. Alikuwa amekula kwao wote, amefunua sufuria zao wote.

Nilijitupa juu yake. Nilipiga kelele, ni wavu, nendeni mkatazame utoro, wavu bado umesimama! Na kweli ulikuwa umesimama. Tuta limekwenda lote katikati, lakini utoro wa mawe pembeni ulikuwa mzima, na wavu wa mume wangu uko pale na takataka zake, unaonekana na kila mwenye jicho. Hakuna aliyegeuza shingo. Pazi alinikamata mguu akanivuta kutoka juu ya Maganga, akanikanyaga ule ule mkono uliovunjika. Hapo nilizimia.

Nilipozinduka walikuwa wamechoka, wamekaa kando kando wakihema. Maganga alikuwa bado na roho. Sauda alikuwa amekipakata kichwa chake. Nikajikokota hadi pale. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, kwa lile jingine akanitazama.

"Mtani," alininong'oneza. "Si nilikataa kuku?"

Hakusema tena.

Polisi walikuja, wakauliza, na kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Maji yaliua watu wengi, walisema, naye ni mmoja wao. Mimi nilitishiwa kwamba nikifungua mdomo Sauda atafuata. Nani alinitishia? Baba yake mzazi! Nikanyamaza, mkono umefungwa kitambaa, uso umevimba.

Mke wa Maganga alipatikana amefunikwa tope, wote wawili wakazikwa siku moja. Maganga alikuwa Mkristo, kwa hiyo katekista alikuja kutoka Miono kusali, wanaume na wanawake tukakaa pamoja. Pazi alikuwa anaongoza shughuli. Ndiye aliyepanga wabebaji, ndiye aliyeonyesha pa kuchimba. Wanaume waliomuua Maganga ndio walioshika jeneza lake.

Na palikuwa kimya. Msomaji, kijiji kizima tulikuwa watani wake! Ilikuwa zamu yetu kuzuia, kudai, kumfanyia vituko mtu aliyetuchekesha kwenye misiba yetu yote. Hakuna aliyefungua kinywa. Nani angethubutu?

Jeneza likainuliwa. Sauda akanitazama. Sijui ni nini kiliniinua. Nilikwenda nikakaa chini kitako mbele ya wabebaji, pale pale kwenye vumbi, wakasimama.

Pazi akaniambia kwa sauti ya chini niondoke nisije nikajuta. Katekista akaniuliza nataka nini, dada.

"Mimi ni mtani wake," nilisema. "Jeneza hili haliondoki. Nataka wavu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wabebaji walitazama miguu yao. Pazi alinijia, ameshaukunja mkono, na mimi nikafumba macho kusubiri. Kipigo hakikuja. Nilipofumbua, Bi Mwanaidi, mama yake mzazi, alikuwa amesimama kati yetu, amevaa nguo zake za eda, yeye ambaye hata kutoka uani hakupaswa. Alimtazama mwanawe. Kisha akageuka akaanza kutembea kuelekea bwawani.

Tulisubiri, wote, jeneza mabegani.

Bi Mwanaidi alirudi akiuburuta. Alikuwa amekata kipande tu, lakini kilikuwa kizito, kimejaa mabua na perege waliooza, na harufu yake ilifika kabla yake. Akakilaza mbele yangu.

"Huu hapa," alisema. "Kaufunga mwanangu. Mpisheni mtani."

Mmoja wa wabebaji akaanguka magotini, akasema ni yeye aliyerusha jiwe la pili. Mwingine akasema lake. Walisema wote, mmoja mmoja, mbele ya katekista na mbele ya polisi mmoja aliyehudhuria mazishi, aliyekuwa amekaa nyuma na kofia yake mapajani. Pazi alikimbia. Alikamatwa Chalinze, kwenye kibanda cha yule mwanamke, na nasikia ni mwanamke huyo aliyemfungia mlango na kupiga simu. Mahakamani nilisema niliyoyaona. Nilimtazama usoni nikasema, na sijutii.

Lakini kushinda kwangu kuna faida gani? Maganga hafufuki. Mkewe hafufuki. Bonde lile mpaka leo ni mchanga mtupu.

Wewe unayeishi chini ya bwawa, nakusihi, usiingoje mvua. Nenda kautazame utoro wenu. Ukikuta nguzo, ukikuta wavu, ukikuta kiroba hata kimoja cha kuongeza maji, piga yowe. Usikubali kuambiwa tuta ni imara. La kwetu lilikuwa imara. Na wewe dada unayepigwa kwa sababu umeona hatari, usifanye kama mimi, ukaliacha pigo likunyamazishe. Mwendee jirani, mwendee katekista, mwendee shehe, mwendee polisi.

Hapa Dunda kuna kijana wa bodaboda, Mnyamwezi, hupita kila asubuhi kunitania kwamba vitumbua vyangu ni mawe ya kujengea msingi. Wateja hucheka, nami hucheka. Akisharudia mara ya pili, naacha kucheka, namuuliza kama ni utani au kuna jambo. Yeye huapa kwamba ni utani tu. Hata hivyo nachukua kimoja, nakipasua, nakitazama ndani.